Mlenda Nitauanika Wapi?

"Sasa mlenda wangu nitauanika wapi, mjukuu wangu?" Swali hilo la bibi wa kule Bahi, Dodoma, yule ambaye sisi vijana wa kanisa tulikagua nyumba yake kisha tukambadilishia paa la udongo kwa bati, limekaa nami wiki nzima. Ofisi yetu imekamilisha kuhamia Mtumba na mdogo wangu ameletewa posa, lakini katikati ya yote hayo mimi nilikuwa bado ninalisikia.

Aliuliza Jumamosi jioni, mchungaji alipokwisha kufunga kwa sala na wenzangu wa umoja wa vijana walipokuwa wakipakia ngazi na misumeno kwenye gari. Alikuwa amesimama kando ya mlango akilitazama bati. Alishukuru kwanza, akamwombea fundi mikono yake isichoke, kisha ndipo akauliza. Mmoja wetu alicheka akasema, "Bibi, umepata bati, bado unawaza mlenda?" Bibi hakukasirika. Alijibu, "Haya, baba," kwa sauti ya mtu aliyezoea kujibiwa hivyo, na "haya" hiyo imenichoma kuliko swali lenyewe.

Anayelijua tembe la Kigogo, nyumba ya asili ya Wagogo wa Dodoma, ataelewa. Paa lake ni bapa: boriti, fito, nyasi, kisha tabaka nene la udongo ulioshindiliwa, na juu ya udongo huo watu huanika mtama, uwele, karanga, na mlenda unaochumwa wakati wa mvua ili uliwe kwa ugali miezi yote ya kiangazi, wakati porini hakuna jani bichi. Bati la mwinamo halikubali kazi hiyo. Huteleza, upepo wa Dodoma hupeperusha kila kinachowekwa juu yake, na anayelikanyaga hulegeza misumari.

Sisemi kwamba paa lile lingeachwa. Tulipobomoa niliishika nguzo ya kona, na gamba lake lilikuwa zima kabisa, lakini kidole gumba kilizama ndani, kwa kuwa mchwa walikuwa wamekula kiini chote na kujaza udongo mahali pake. Paa zito namna ile, likilowa, lingeweza kumwangukia bibi na wajukuu wake usiku wowote. Kinachoniuma ni fomu yetu ya ukaguzi, ambayo inauliza idadi ya watu, vyumba, hali ya choo na umbali wa maji, wala haina hata mstari mmoja wa kumwuliza mwenye nyumba paa lake humfanyia kazi gani. Tunafika kwa watu kana kwamba hawakuwa na nyumba kabla yetu.

Jumatano usiku nilimweleza mama. Nilitarajia pole, kumbe yeye alichangamka, akaanza kusimulia jinsi walivyopanda juu ya tembe la kwao Mvumi kwa gogo lililochongwa vidato, watoto wakishinda huko kufukuza ndege, na bibi yake akiwapigia kelele wasikanyage ukingoni, mahali ambapo udongo hubomoka upesi. Kisha akaniuliza, "Nguzo nzima mlizozitoa mmezipeleka wapi?" Nikamjibu kwamba zimepangwa nyuma ya nyumba. "Basi si mumjengee uchanja wa kuanikia?"

Furaha niliyoipata pale siwezi kuieleza. Nilimpigia fundi usiku uleule, naye akaanza kupanga papo hapo: uchanja upite kimo cha mbuzi anaposimama kwa miguu ya nyuma, na nguzo zipakwe oili chafu kwa ajili ya mchwa. Akataka pia tuweke mfereji wa kukingia maji, kwa kuwa kila milimita ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, hivyo paa la mita za mraba 24, kwa mvua ya milimita 500 kwa mwaka, linaweza kukinga hadi lita 12,000, ambazo udongo wa tembe ungezinywa au kuziacha zipotee. Bibi mwenyewe tulimpata kwa simu ya mwinjilisti. Alisikiliza mpaka mwisho, akaagiza uchanja uwe na ukingo pande zote, la sivyo upepo utaumaliza mlenda, na uwe karibu na mlango ili awaone kuku wanapoanza vituko. Aliongea kama msimamizi wa ujenzi, na mwinjilisti akaniambia kwamba hata baada ya kukata simu aliendelea kumwonyesha mahali pa kuchimba mashimo.

Tunakwenda Jumamosi, kabla mvua za Desemba hazijaanza, na mstari wa paa nimekwisha kuuandika kwenye fomu kwa kalamu, wakati tunasubiri kamati ikubali kuichapisha upya.

Sasa ni mama. Leo nimeona dawa zake za presha zimebaki vidonge vichache, na anasema hatakwenda kliniki mpaka shughuli ya posa iishe. Nimemwambia Jumatatu tunakwenda pamoja. Amenyamaza, na mama akinyamaza huwa hajakubali.