"Leo hamtafuti"

Mkataba wa hii kazi ya kupima virusi kwa wanyama wa msitu wa Kibale, huku magharibi mwa Uganda, umeongezwa, friji ya sampuli ilizima usiku tukaiwahi na barafu, harusi ya binamu kule Bombo nimeikosa, na pamoja na yote hayo kinachonizunguka kichwani ni maneno mawili ya mama wa gonja, zile ndizi za kuchoma.

Wasomaji wa siku nyingi mnamjua Amooti, yule anayechoma gonja pale senta, Kiswahili chake kakitoa kambini maana marehemu mumewe alikuwa askari. Nimesimama kwake na boksi mkononi akauliza leo mmebeba nini, nikamweleza. Kamba tunazipaka jemu tunawaachia nyani na kima, wanatafuna, wakizitupa tunaokota, yale mate ndiyo yanapimwa kama yana virusi vya watu. Na siku daktari akimlaza mmoja kwa sindano tunachukua damu kutafuta kingamwili, kwa sababu virusi vinaweza kutoka mwilini lakini kingamwili zinabaki kuonyesha kwamba huyu alishakutana navyo.

Akageuza gonja zake. Akasema, "Abwooli mwanangu, sasa mkimkuta nyani ana mafua ya mtu, huyo mtu mnamtafuta?"

Nikamwambia hapana mama, hatutafuti mtu.

"Leo hamtafuti."

Basi. Akanifungia gonja, akanipa chenji bila kuniangalia. Na mimi tangu hapo nalala nayo naamka nayo, hiyo "leo" yake, alivyoivuta kidogo, alivyopuliza makaa baada ya kuisema.

Maana najua anawaza nini. Wajukuu zake ndio wanaolinda mahindi, shamba limepakana na msitu, nyani wakishuka watoto wanapiga debe na kurusha mawe na makamasi yanawatoka kama watoto wote. Na ukweli wa Kibale ndio huo: mwaka 2013 hapa Kanyawara sokwe waliugua kifua, katika kundi la 56 wakafa 5, na kilichowaua ni rinovirusi C, kitu ambacho kwa mtoto wa binadamu mara nyingi ni mafua tu ya kupita. Mwanzoni mwa 2017 huko Ngogo, kundi jingine la sokwe humu humu Kibale, wakafa 25 kwa metapneumovirusi, kirusi cha kifua, nacho cha watu. Na virusi vya namna hii vijijini vinazunguka zaidi kwa watoto. Amooti hakusomewa ripoti yoyote lakini kafika mwenyewe.

Hapo ndipo hasira zilinipanda, na si kwake. Sisi tukiingia msituni tuna barakoa, tuna umbali wa kukaa na mnyama, mwenye kikohozi anabaki nyumbani na mshahara unaingia. Mtoto wa shambani ana nini? Yeye hajamfuata nyani msituni, nyani ndiye kaja kula mahindi yake! Halafu akikohoa yeye wiki nzima hakuna anayekuja na boksi la barafu kuchukua mate yake. Ukitaka kumlinda sokwe anza na kifua cha huyo mtoto, mtibu, mpe maji na sabuni, sioni njia nyingine na nitalisema popote.

Ijumaa nikamwambia bosi majibu yakitoka yasomwe kwanza pale senta, kwa Kitooro, bila kutaja mtoto wala nyumba ya mtu, Amooti akae mbele aulize anachotaka. Nilijiandaa kubishana. Akasema sawa, wewe ndiye utaongea. Nilifurahi jamani, nilitembea hadi kwangu naimba, na tayari naandika nitakachosema.

Ila Mama. Binamu katuma picha za harusi na zote Mama kakaa, hata ile ya kumsindikiza bibi harusi, na mguu wa kushoto naona umevimba. Nimempigia anasema ni viatu. Kesho nampigia mjomba, yeye hajui kuficha.