Viazi vya Makete

Juzi binti wetu wa fildi, mwanafunzi wa ustawi wa jamii aliye kwetu kwa mafunzo ya vitendo, kaniletea fomu ya tathmini niijaze kabla mwalimu wake hajafika. Kuwahi kazini, sawa. Logibuku, lile daftari la kazi za kila siku, sawa. Kutunza siri za mteja, sawa. Nilipofika "mahusiano na mteja", kalamu ikagoma.

Nikakumbuka fildi yangu mwenyewe: Makete, Nyanda za Juu Kusini, Julai. Anayeijua baridi ya kule haelezwi. Ukimwi ulikuwa umepita nyumba hadi nyumba ukaacha bibi na wajukuu. Sheria ya Mtoto ya 2009 bado mpya, naitembeza mkobani kama Biblia. Yule bibi alikuwa analea wajukuu wanne, na mimi nilitakiwa kuandika wanaishije. Siku ya kukaguliwa mwalimu wangu wa chuo akashuka kwenye basi anatetemeka, akasema, "Wewe fanya kama sipo."

Haya.

Nikauliza habari za shule, sare, kadi ya kliniki ya yule mdogo. Bibi anajibu huku anachochea kuni. Kufika swali la chakula, milo mingapi kwa siku, akaepua sufuria, akamimina viazi kwenye sahani, vinafuka moshi, akaniwekea mapajani. "Kula kwanza, mjukuu wangu. Utaniuliza ukishashiba."

Wajukuu wamesimama mlangoni, macho kwenye sahani. Chuoni tuliambiwa usipokee kitu cha mteja. Kwetu niliambiwa chakula cha mzee hakikataliwi. Na hiki chakula, kwa hesabu niliyokuwa nimetoka kuiandika, kilikuwa cha mchana cha wale watoto. Nikamtazama mwalimu. Anaandika. Nikachagua kiazi kidogo kuliko vyote, nikakimenya kinaniunguza vidole, nikala, nikashukuru, sahani nikawasogezea watoto.

Bibi akageuka. "Na wewe baba, mbona huli?"

Mwalimu akala viwili, na maganda yake.

Mengine yalikwenda haraka: saini, kwaheri, barabara ya vumbi kurudi Iwawa, makao ya wilaya. Njiani nikachungulia fomu. Mahusiano na mteja: 4 kati ya 10. Nikauliza kama ni kwa sababu ya kile kiazi.

"Kula ulikula vizuri tu," akasema. "Lakini kabla ya kula ulinitazama mimi. Bibi aliona."

"Sasa mwalimu, ningemtazama nani, na kalamu unayo wewe?"

Akacheka mpaka akakohoa. Ile 4 hakuigusa.