Kipande cha kumi

Kuku wa kosher, yaani aliyechinjwa kwa sheria yetu Wayahudi, huku Chicago anakuja na manyoya yake, mnaonunua kule mtaa wa Devon mnajua. Hawamtii maji ya moto kabla ya kumnyonyoa, kwa sababu joto linaifungia damu ndani ya nyama na damu kwetu hailiwi, kwa hiyo ananyonyolewa kwa ubaridi na vile vishina vya kwenye mabawa vinabaki, ni kazi yako wewe mpishi. Mie nambabua juu ya gesi kama tunavyofanya kwetu Mwanza. Sasa Ijumaa mchana nimeshika bawa juu ya moto, nawahi kabla Shabati haijaingia, ile harufu ya unyoya unaoungua ikapanda, nikakumbuka usiku wa bedika wa 2023, ule wa kusaka chametz nyumbani kabla ya Pesach, Pasaka yetu, mapacha wangu Kulwa na Doto wana miaka miwili, nikazima jiko nikakaa.

Wenye watoto wadogo wanaoshika Pesach hawahitaji maelezo. Wengine kwa kifupi: chametz ni ngano, shayiri na nafaka wenzao, jumla tano, ikishakutana na maji ikapita dakika 18 kabla haijaokwa, na kwa siku 8 (Israeli ni 7) hairuhusiwi kuliwa wala kuwemo nyumbani. Basi chukua sheria hiyo uiweke kwenye nyumba yenye mapacha wa miaka miwili, ambao kila waendako wameshika Cheerios mkononi, vile vipete vya nafaka vya kifungua kinywa, na Cheerios ni oti, yaani chametz tupu. Nilizitoa ndani ya viatu, nyuma ya hita, kwenye mikunjo ya viti vyao vya gari mpaka nikatumia mswaki, halafu nageuka nakuta huyu kamaliza kudondosha na mwenzie anakanyagia. Bubbe wao, yaani bibi yao mzaa baba, alikuja siku kadhaa kabla kunisaidia, mama wa miaka sabini na ushee alipiga magoti akasugua rafu za friji moja moja, hilo naliweka mbele kabla sijasema mengine.

Suala la ugali tulilimaliza bila ugomvi. Mahindi si chametz, ni kitniyot, kundi lake pamoja na mchele na maharage, na ni Waashkenazi, Wayahudi wa asili ya Ulaya, waliojizuia navyo tangu enzi na enzi, mahindi nayo yalipofika Ulaya yakaunganishwa humo humo. Mwaka 2015 kamati ya sheria ya Conservative, tawi la Uyahudi ambako ndo tunakosali, ilisema inaruhusiwa. Bubbe akasema yeye toka azaliwe hajawahi kuvila Pesach na haanzi uzeeni. Nikaiheshimu, sembe yangu ikapanda kabati la juu kabisa.

Basi ilikuwa Jumanne, tarehe 4 Aprili. Bedika inafanywa giza likiingia, na kwa Aprili ya Chicago jua linazama saa moja na dakika ishirini hivi, saa ambayo wanangu siku nyingine wameshalala zamani. Lakini Bubbe alitaka waone, marehemu babu yao alikuwa akiwashikisha mshumaa watoto wake wote, na mume wangu naye alitaka, kwa hiyo tukawavalisha yale mapajama yenye soksi kabisa miguuni, zipu mpaka kidevuni, tukasubiri nao giza.

Desturi ni kwamba nyumba ikishasafishwa unaficha vipande kumi vya mkate, kila kimoja kwenye karatasi yake, ili kwenye kusaka uwe na cha kukipata na baraka isije kuwa ya bure. Baba yao alivificha chini chini makusudi, usawa wa watoto. Tukazima taa zote. Baba ana mshumaa na mwiko wa mbao, Doto kapewa unyoya wa kufagilia, Kulwa kapewa mfuko wa karatasi wa kuwekea. Baraka ikasomwa, na baada ya baraka watu hamzungumzi mpaka kazi iishe, isipokuwa la kazi yenyewe.

Nisingependa kuusahau ule mwendo. Watu wazima watatu kimya kabisa, tunatembea tumeinama ndani ya nyumba yetu wenyewe tunayoijua, na mbele yetu vile viwili vinaburuza miguu ya pajama kwenye sakafu ya mbao, shwaa, shwaa. Mwanga wa mshumaa unafika magotini tu. Kipande cha kwanza kilikuwa chini ya mguu wa kochi, Doto akakifagia na unyoya mpaka kikapanda kwenye mwiko, akasema "mbili!" kwa sauti, maana siku zile namba aliyoijua ilikuwa mbili tu, nilimfundisha mwenyewe kwa kumwonyesha yeye na mwenzie kwenye kioo. Kila kipande kikawa mbili. Kulwa hasemi kitu, anafungua mfuko, anachungulia, anafunga, anaukumbatia. Mlangoni pa jikoni Doto akaunyanyua unyoya juu kuutazama vizuri, ukagusa moto. Ukaungua mara moja ukajikunja, moshi ukampanda puani, akapiga chafya, akacheka, akapiga chafya tena, na Kulwa akamkimbilia na mfuko wake wazi kana kwamba hiyo chafya nayo ni ya kuwekwa humo. Mume wangu alikuwa anauma mdomo asicheke. Mwanga wote ulikuwa usoni kwao, na nikaona kitu ambacho mchana sikioni, kwamba hawafanani kihivyo, Kulwa ana macho ya mama yangu kabisa.

Tukamaliza. Tukahesabu. Vipo tisa.

Tukarudia, chini ya friji, nyuma ya pazia, kwenye kapu la midoli. Tisa. Ndipo Bubbe akavunja ukimya, "Doto kakila." Hakuuliza. Akamshika kidevu, akaomba mshumaa usogezwe, akamfungua kinywa. Hamna kitu mle. "Kashameza, huyu rasha wangu," akambusu kichwani.

Rasha ni yule mwana mwovu. Kwenye Haggadah, kitabu tunachosoma mezani usiku wa seder, ule mlo wa kuanzia Pesach, kuna wana wanne, mwenye hekima, mwovu, mnyofu, na asiyejua hata kuuliza, na kila mmoja ana namna yake ya kujibiwa. Bubbe alishawagawia wanangu hao wana kabla hata hawajatembea, Kulwa mwenye hekima, Doto mwovu. Kwa mapenzi, najua ni kwa mapenzi. Na asidhani mtu kuwa ni yeye tu, mama yangu kutoka Mwanza kwenye simu ndo hivyo hivyo, "Kulwa mpole, Doto mtundu, mapacha ndivyo walivyo," bibi wawili wametenganishwa na bahari hawajawahi kukaa meza moja na wamekubaliana. Mie ilinichoma. Mtoto kasimama pale kafunguliwa mdomo kama ng'ombe mnadani, analia sasa, na mwenzie yuko pembeni na mfuko hakuna hata aliyemtazama mara mbili.

Mume wangu akasoma tamko la kumalizia, lile la Kiaramu, kwamba chachu yote na chametz yote iliyo kwangu, nisiyoiona na nisiyoiondoa, ibatilike, iwe kama mavumbi ya nchi. Kisheria hapo kipande cha kumi kilikuwa kimeshaisha, popote kilipo. Nilimbeba Doto, baba akambeba Kulwa, wakalala kabla hatujawafikisha kitandani.

Nilikuwa namfunika Kulwa. Mkono wangu ukapita kwenye mguu wake wa kushoto, nikahisi kitu kigumu chini ya vidole, ndani ya soksi ya pajama. Nikashusha zipu taratibu, nikaingiza mkono pajani mpaka chini, nikatoka nacho. Kipande, na karatasi yake, ya moto kwa joto la mguu wake. Katembea nacho nusu nzima ya bedika.

Nikaenda nacho sebuleni, nikakiweka mbele ya Bubbe, nikamwambia kilipokuwa. Akakitazama. Akasema, "Basi Doto kamtumbukizia."

"Mama," nikamwambia, "na Kulwa naye ana mikono."

Hakujibu. Aliinuka akaenda chumbani kwao akakaa huko kitambo, alichokuwa akifanya sijui, na sikumfuata. Asubuhi baba yao alichoma mkate wote na mwiko na kile kibaki cha unyoya ndani ya kopo, kwenye uchochoro nyuma ya nyumba, jioni tukafanya seder, mapacha wakalala kabla ya kikombe cha pili, mwaka ukapita.

Na kweli, inawezekana Doto ndo alimtumbukizia. Mwenye shingo iliyobana hivyo mpaka kidevuni ni vigumu kujitia mwenyewe. Sijui na sitajua. Kinachonikaa ni kwamba mwenye mtoto mmoja haulizwi "yupi mtundu", ila mie naulizwa na mwalimu, na daktari, na mtu tuliyesimama naye foleni ya benki. Hata Torati yenyewe, Isaka akamchukua Esau, Rebeka akamchukua Yakobo, wazazi hao, sembuse bibi, na tunasoma kila mwaka nyumba ile ilivyokwenda. Na hao wanne wa Haggadah, wote wamewekewa kiti, hata huyo mwovu hakutolewa nje. Huwa najishikiza hapo. Sijui kama panatosha.

Maana wiki iliyopita wametoka shule na karatasi za kupaka rangi, picha ya wana wanne, sasa wana miaka mitano. Doto akaweka kidole kwa mwovu, wamemchora kakunja mikono, akasema kwa furaha kabisa, "Huyu ndo mimi, Bubbe alisema." Kulwa akaitazama picha muda mrefu, akaniuliza kama mwaka huu naye anaweza kuwa huyo, kwa zamu.

Bubbe anafika Jumanne kwa ajili ya bedika. Seder ni Jumatano. Mpaka sasa sijamjibu yeyote kati yao.