Sifuri za bloki za zamani

Nilikuwa msaidizi wa utafiti katika idara ya patholojia ya chuo kikuu, na kazi yangu wakati huo ilikuwa kuhesabu. Tulikuwa tunapima Ki-67, protini inayokuwamo kwenye seli iliyo katika mzunguko wa kugawanyika na kukosekana kwenye seli iliyotulia. Sampuli zetu zilikuwa uvimbe wa saratani ya matiti uliohifadhiwa ghalani kwa miaka mingi ndani ya bloki za nta. Kipande chembamba cha tishu huwekwa kwenye kioo, yaani slaidi, kisha hutiwa kingamwili inayoishika protini hiyo na kuipa rangi: kiini cha seli chenye protini hiyo hutoka kahawia, kisicho nayo hubaki buluu. Unahesabu, unapata asilimia, unaandika.

Bloki mpya zilikwenda vizuri. Za zamani zikaanza kuleta sifuri: sifuri, sifuri, asilimia moja, sifuri. Profesa akachangamka. Huenda uvimbe wa zamani ulikuwa mpole kuliko wa sasa, na matokeo ya namna hiyo majarida huyapenda.

Aliyekataa ni fundi sanifu wetu, mama aliyezeekea kwenye mikrotomu, mashine ya kukatia tishu nyembamba, anayekata tishu ya maikroni nne bila kuikunja. Alivuta kiti, akaomba slaidi ya kawaida ya mgonjwa yuleyule, ile iliyotiwa himatoksilini na eosini, rangi za kila siku za kuonyesha umbo la seli. Akaisogezasogeza chini ya hadubini, akanipisha nitazame.

"Mwanangu, hii ni nini?"

Kromosomu zilikuwa zimejipanga katikati ya seli, mstari mmoja mweusi. "Inagawanyika, mama."

"Na kwenye karatasi yako umeandika hakuna inayogawanyika."

Sikuwa na jibu. Seli iliyo katikati ya kugawanyika lazima iwe na Ki-67. Tukafungua madaftari ya mapokezi: vipande vingi vya zamani vilikuwa vimelowekwa kwenye fomalini wiki nzima na zaidi, wakati siku moja hadi tatu zingetosha. Fomalini huzuia tishu isioze kwa kuzifunga protini zenyewe kwa zenyewe. Ikizidi muda, mafundo huwa mengi hata kingamwili haipati pa kushika. Ndiyo maana slaidi huchemshwa kwanza kwenye bafa ya sitrati, kimiminika cha chumvi, mafundo yalegee.

Mama akaongeza muda wa kuchemsha. Baadhi ya sifuri ziligeuka kahawia, tena kahawia kwelikweli. Tishu nyingine zilibanduka kwenye kioo, tukazipoteza. Nyingine ziligoma kabisa.

Profesa alinuna, akauliza tumebakiwa na sampuli ngapi, kisha (nimpe haki yake) akaweka sharti: sifuri isikubaliwe mpaka slaidi hiyohiyo iwe na japo seli moja ya kahawia ya kuthibitisha kwamba rangi ilifanya kazi. Zisizotimiza zikaandikwa "haisomeki". Dhana ya uvimbe mpole ikafia hapo, na makala ikawa fupi.

Kilichorefuka ni mabishano ya kama fundi sanifu anaweza kuwa miongoni mwa waandishi. Nilishangaa swali lenyewe kuulizwa. Jina lake liliwekwa, la tatu.