Mota ya kulisha utepe kwenye mashine ya kukata: mvuto kwanza, breki baadaye

Mota ndiyo kitu cha mwisho kuchagua. Kabla hujaitafuta, ujue utepe unavutwa kwa nguvu gani, kwa sababu mashine nyingi za kukata kwa urefu maalumu hujengwa kinyume: mtu ana mota tayari, kisha anailazimisha ifanye kazi isiyoiweza.

Kupima hakuna ugumu. Funga mizani ya springi kwenye ncha ya utepe, uupitishe kwenye miongozo yote, uvute. Bobini (gurudumu ambalo utepe umezungushiwa) liwe limejaa, na usome namba ya ule mvuto wa kwanza bobini linapoanza kuzunguka. Hapo ndipo mota hushindwa. Bobini likishashika kasi kazi huwa nyepesi. Tuseme mizani imeonyesha kilo 4, yaani takriban newtoni 40. Kwa rola ya kuvuta utepe yenye kipenyo cha mm 50, torki (nguvu ya kuzungusha), yaani nguvu mara nusu ya kipenyo kwa mita, ni 40 × 0.025 = Nm 1. Zidisha mara mbili ili uwe na akiba: Nm 2 kwenye shafti ya rola.

Kasi nayo ina hesabu yake. Mzingo wa rola hiyo ni mm 157. Ukitaka mm 100 kwa sekunde, izunguke mara 38 kwa dakika. Kazi yenyewe ni wati 4 tu, lakini ongeza akiba, na kumbuka gia ya skrubu inaweza kumeza nusu ya nguvu. Mota ya DC ya volti 24, wati 25, iliyounganishwa na gia tayari, inatosha vizuri. Ukiona torki haijafika na kasi inakutosha, punguza kipenyo cha rola kabla ya kununua mota kubwa.

Wengi hukimbilia mota ya hatua, inayozunguka kipande kidogo kidogo kwa amri ya kidhibiti. Yenye hatua 200 kwa mzunguko itasogeza utepe huu mm 0.79 kwa kila hatua, jambo zuri, ila torki yake hushuka kasi inapopanda, na ikiruka hatua kidhibiti hakina habari. Rola ikiteleza ni hivyo hivyo. Kwa hiyo urefu upimwe kwenye utepe wenyewe: weka kigurudumu chepesi chenye enkoda (kihesabu mizunguko) kinachosukumwa na utepe, nyuma ya rola. Usitegemee taima. Volti ikishuka kidogo au bobini likibadilika uzito, kila kipande kitatoka na urefu wake.

Sasa kusimama, ambako ndiko makosa mengi yaliko. Ukikata umeme tu, mota huendelea kuserereka. Tumia rilei (swichi inayoendeshwa na koili ya umeme) yenye pointi tatu: ya kati iende kwenye waya chanya wa mota, inayofunga rilei ikiwashwa iende kwenye volti 24, na inayofunga rilei ikizimwa iende kwenye waya hasi wa mota. Rilei ikiachia, ncha mbili za mota zinakutana, mota inageuka jenereta na kujifunga breki yenyewe. Angalia ampea za DC zilizoandikwa kwenye rilei, si za AC. Mota yenye ukinzani wa omu 3 hunyonya ampea 8 ikianza au ikikwama, hata kama kawaida hutumia 1.5. Fyuzi iwe ya aina inayochelewa kukatika, la sivyo itaungua kila unapowasha.

Kwenye koili ya rilei weka dayodi (kipitisha umeme upande mmoja tu) 1N4007, mstari wake uelekee upande wa chanya. Huchelewesha rilei kuachia kwa muda mdogo sana, lakini ucheleweshaji haubadilikibadiliki, kwa hiyo unaupunguza kwenye hesabu ya urefu.

Kitufe cha kuwasha kiwe cha kufunga saketi kikibonyezwa, cha kuzima kiwe cha kuifungua kikibonyezwa, pamoja na kontakta (rilei kubwa) inayojishikilia, yaani inayobaki imewaka ukiachia kitufe. Umeme ukikatika na kurudi, mashine haitaanza yenyewe. Waya wa kuzima ukikatika, mashine inasimama. Kitufe cha dharura kikate umeme wa mota moja kwa moja, kisipitie programu yoyote.

Enkoda ikihesabu ovyo, usiibadilishe kwanza. Tenga waya zake na za mota, weka kapasita ya nF 100 kwenye ncha za mota, kisha ujaribu tena.