Sepetu Pamoja na Silaha

Neno la wiki: Kumbukumbu la Torati 23:12–14

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Aya hizi wengi wetu tunazipitia harakaharaka kwa sababu zinahusu choo. Musa anawaagiza askari watenge mahali nje ya kambi. Kila mtu awe na kifaa cha kuchimbia pamoja na silaha zake, achimbe, kisha afukie. Sababu anayoitoa si ya kidaktari: Bwana anatembea kambini, asije akaona uchafu akageuka kuondoka.

Askari aliyepelekwa kulinda amani nje ya nchi halishangai agizo hili. Mtaro wa choo cha siku chache huwa na upana wa sentimita 30, kina 75 na urefu 120. Hukaa chini ya mteremko, mita 30 au zaidi kutoka kwenye maji, na mita 100 hivi kutoka jikoni, maana nzi hawana kibali cha kutembea wala hawakihitaji. Kila anayemaliza hutupia udongo. Zikibaki sentimita 30 kujaa, mtaro unafukiwa na kuwekewa alama. Tatizo ni kwamba kazi hii mara nyingi hutolewa kama adhabu, na kazi ya adhabu hakuna mkubwa anayekwenda kuikagua.

Oktoba 2010, Haiti ilikuwa bado inauguza majeraha ya tetemeko la Januari. Kikosi cha Umoja wa Mataifa kutoka Nepali, ambako kipindupindu kilikuwapo, kilifika kambi iliyo karibu na Mirebalais. Mabomba ya kambi yalikuwa mabovu. Kinyesi kilimwagwa kwenye shimo la wazi lisilo na uzio, ambalo mvua ikinyesha lingeweza kufurika hadi kijito kinachoingia mto Artibonite. Humo watu walikunywa, walifua, walioga, walimwagilia mpunga. Askari hawakuonekana wagonjwa, kwani wengi wanaobeba vijidudu hivyo hawaoneshi dalili yoyote. Zaidi ya watu 800,000 waliugua na karibu 10,000 wakafa.

Lindo la kambi hutazama nje, adui anakotarajiwa. Musa aliwageuza watu wake watazame ndani.

Umoja wa Mataifa uliwaomba radhi Wahaiti tarehe 1 Desemba 2016. Ukisoma Mathayo 5:23–24, pale Yesu anaposema uiache sadaka yako ukapatane kwanza na ndugu yako, miaka sita ni mingi mno kwa sadaka kuachwa mbele ya madhabahu.

Wiki hii tuwaombee vijana wetu walio misheni za kulinda amani, na hasa yule anayepima klorini, dawa ya kuua vijidudu, kwenye tenki la maji kila asubuhi: nusu saa baada ya kuitia, ibaki miligramu 0.5 kwa lita. Jina lake halisomwi kwenye gwaride.

Nanyi mnaoandaa makambi ya kanisa mwaka huu, kabla ya kukodi spika, nendeni mkaulize maji ya vyoo vya uwanja ule yanaishia kwa nani.