Shamba la Anathothi kwa shekeli 17

Ukitaka kuona ahadi ya Mungu ikiandikwa kwa wino na kupigwa muhuri, fungua Yeremia 32. Ni mwaka wa 10 wa Zedekia, mfalme wa Yuda, yapata 587 KK. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu na njaa imeingia mjini. Nabii Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi. Hapo ndipo binamu yake Hanameli anapomjia: ujinunulie shamba langu la Anathothi, haki ya kulikomboa ni yako. (Ndivyo inavyosema Walawi 25:25: ndugu akiuza milki yake, jamaa wa karibu huikomboa.) Anathothi ni kilomita chache tu kutoka Yerusalemu, na nchi yote ya jirani imejaa askari wa adui.

Yeremia ananunua. Anapima fedha kwenye mizani, shekeli 17, uzito wa kama gramu 190. Anaandika hati, anaita mashahidi. Nakala moja imefungwa kwa muhuri isichezewe, nyingine iko wazi isomeke. Zote mbili anamkabidhi Baruku, mwandishi wake, mbele ya watu, azitie katika chombo cha udongo zikae siku nyingi. Sababu anaitaja palepale: Bwana amesema nyumba, mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi hii.

Kisha, baada ya kukabidhi hati, ndipo anapoomba na kumwambia Mungu jinsi jambo lenyewe lisivyoelekea: mji unatekwa, nawe waniambia ninunue shamba! Alilipa kwanza, akauliza baadaye. Sijui sala nyingine ya kweli kuliko hiyo.

Neno la Kiebrania la uaminifu, emuna, lina mzizi mmoja na amini, amana na amina tunazotamka kila siku. Lakini amina peke yake haiifanyi kauli kuwa ahadi ya Mungu. Katika sura ya 28 nabii mwingine, Hanania, alitabiri kwamba Mungu angeuvunja utumwa wa Babeli ndani ya miaka miwili. Yeremia akajibu, "Amina, Bwana na afanye hivi." Aliitamani kwa moyo wote, ila Bwana hakuwa amemtuma Hanania, na mwaka uleule, mwezi wa saba, Hanania akafa.

Nasi tunateleza papo hapo. Tunalishika Yeremia 29:11, lile neno la mawazo ya amani, tukiliruka la 10 linalotaja miaka 70. Maneno hayo yamo katika barua ya Yeremia kwa Wayahudi waliohamishwa Babeli, nayo iliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, maana wangekaa. Anayeuondoa muda ndani ya ahadi huishia kumdai Mungu deni ambalo hakuliahidi, halafu anamwita mkawiaji.

Hata hesabu ya miaka hukosewa. Wengine huianza 587, mji ulipoanguka, wakafika kwa Koreshi, mfalme wa Uajemi aliyewaruhusu kurudi, 538 na kupata kama 50 tu. Lakini aya yenyewe inasema miaka 70 ya Babeli. Ngome ya mwisho ya Ashuru, dola iliyotawala kabla ya Babeli, yaani Harani, ilikwisha kupotea kufikia 609 KK, na Babeli yenyewe ikaanguka 539. Toa moja kwa nyingine.

Yeremia hakulima shamba lile. Mara ya mwisho tunamsikia akiwa Misri, alikopelekwa bila kutaka. Ila Ezra 2, katika orodha ndefu ya waliorudi kutoka uhamishoni ambayo wasomaji wengi huiruka, mstari wa 23 ni huu: watu wa Anathothi, 128.